Mkeka Ndani ya Kioo

Mwanabibi binti Haidari bin Bwanaheri. Huyu Bwanaheri, babu yake, ndiye aliyemchoma mkuki kiboko aliyekuwa anamaliza mpunga wa bondeni, akamfuata mpaka majini, na mwaka ule watu wakavuna. Haidari, baba yake, alikata boriti za mikoko upande wa Nyamisati mpaka mabega yakaota sugu kama kisigino, na mnunuzi aliyempunja mara moja hakupata boriti yake tena. Mama yake ndiye aliyewafundisha nusu ya wanawake wa Dimani kuchemsha ukindu ukashika rangi nyekundu isiyochuja. Na Mwanabibi mwenyewe, tulipohamishwa bondeni wakati wa vijiji vya ujamaa, alikataa kupanda lori mpaka mbegu ya mpunga ya mama yake ipande kwanza. Aliachwa mjane kijana, akakandika nyumba yake kwa mikono yake. Alikwenda Chumbi kwa miguu maji yakiwa kifuani, akarudi na mtoto mgongoni.

Nayataja haya mwanzo kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanacheka. Wanasema, yule bibi aliyenunua picha. Mtu amefanya yote hayo, anakuja kubaki na jina la picha.

Mimi nimekaa naye uwanja mmoja tangu tulipohamishwa, na kabla ya hapo tulikaa dawati moja mpaka darasa la nne, ambako ndiko shule ilikoishia kwetu siku zile. Ninachokiandika nilikiona. Kile ambacho sikukiona aliniambia mwenyewe, na Mwanabibi hana sababu ya kunidanganya.

Alizaa mara kadhaa, akakaa mmoja, Hajira. Hajira alikuwa na shoto. Kula alifundishwa kula kwa mkono wa kulia kama watoto wote wa Kiislamu, na alikula hivyo. Lakini ukindu ulipomfika mikononi, mkono wa kushoto ulitangulia wenyewe. Bibi yake alimfunga mkono ule kwa kitambaa, Mwanabibi akakifungua. Wakatupiana maneno mama na mwana, mpaka Mwanabibi akasema, "Anasukia, halii chakula. Mwacheni mwanangu." Yakaishia hapo nyumbani. Kwa jirani hayakuishia.

Kwetu mkeka wa bibi harusi hausukwi na mtu mmoja. Kila mwanamke wa mtaa husuka ukili wake, yaani ule utepe mrefu wa ukindu, akautia rangi aipendayo. Siku ya kushona tunakusanyika uwani, kila mmoja na wake, zinapangwa, zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatimia. Bibi harusi akienda kwa mumewe ametandikiwa mikono ya mtaa mzima. Ukili wako usipoonekana mle, watu wataulizana una nini na wenzako.

Sasa ukili wa mwenye shoto hulalia upande mwingine. Ukiushona kati ya zile za mkono wa kulia unavuta kinyume, na mkeka unajikunja kama ngozi iliyoachwa juani. Hilo ni kweli, sitalikana. Lakini wenzetu hawakuishia kwenye ukweli. Muzdalifa binti Abdulswamadu, ambaye alikuwa mkubwa wa washonaji na mpaka leo ndiye mkubwa, aliushika ukili wa Hajira kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa mjusi kwenye mtungi. Akasema, "Huu wekeni kando. Mkono wa chooni hautandikwi kwenye kitanda cha mwali."

Wakacheka. Hajira alikuwa kigori, ameketi pale pale, ameshika sindano yake tayari kushona.

Tangu siku ile kila harusi alisuka ukili, akauleta, na kila harusi akarudi nao nyumbani. Angeweza kuacha. Kiburi kile alikitoa kwa mama yake. Ilipofika harusi yake mwenyewe, alipoposwa na Mtoro wa Chumbi, mkeka wake ulishonwa kwa kili za mtaa mzima, na wake haukuwamo. Bibi harusi mwenyewe! Mwanabibi aliutazama mkeka ule unafungwa kamba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wamemtandikia mwanangu mikono ya watu wanaomtema."

Kwa kuwa kili za Hajira zilielewana zenyewe kwa zenyewe, alishona mikeka yake peke yake. Na mikeka ile, wallahi, ilikuwa na sura ambayo sijaiona kwa mwingine. Miraba na pembe, nyekundu inaingia kwenye nyeusi, manjano inakata katikati, yote imeinamia kushoto kama mpunga uliopigwa na upepo. Hakuna wa kwetu aliyeinunua. Aswalie juu yake? Thubutu. Walionunua ni wageni, walimu, mabwana shamba, manesi, wazungu waliokuja kupima mikoko. Mzungu mmoja aliutandika mmoja juani, akauzunguka huku na huku, akapiga picha, akapiga tena, akaondoka nao. Wageni ni watu wa uhamisho. Walipohama, mikeka ilihama nao.

Hajira alifia Chumbi kwa homa, msimu wa maji, mwanawe Zuhra akiwa bado hajakaza mwendo. Habari ilipotufikia Mwanabibi hakungoja mtumbwi. Alipofika, amelowa mpaka kilemba, udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Mama mkwe wa Hajira, Bi Zuena, akamwambia, "Maiti haingoji maji yapungue, mkwe wangu." Kwa sheria alikuwa sawa. Lakini kuna kusema na kuna kusema. Mwanabibi hakuketi matangani. Alimfunga Zuhra mgongoni kwa kanga, akawaambia watu wa nyumba ile kwamba hawataiona sura yake tena, akarudi njia ile ile ya maji.

Na hawakuiona. Jina la Chumbi halikutajwa nyumbani kwake. Siku moja Zuhra, amekwisha kuwa msichana, alilitaja wakiwa kwenye sinia, Mwanabibi akainuka akaacha chakula.

Mikeka miwili ya Hajira ilikuwa imebaki kwa mama yake. Alikuwa akiilalia huko bondeni kwenye dungu, kibanda cha juu cha kulindia mpunga, na mafuriko haya ya juzi yalipokuja usiku yalichukua dungu na kila kilichokuwamo. Yeye alitolewa na mtumbwi, amekumbatia sufuria. Nilipokwenda kumpa pole hakulia shamba. Alisema, "Sina tena kitu kilichopita mikononi mwa Hajira. Nguo ziligawiwa kule kule. Picha hakupigwa hata moja. Nataka nishike kazi yake mara moja, mwenzangu, kabla vidole vyangu havijafa." Vidole vilikuwa vimeanza kufa kweli. Alikuwa akishika kikombe bila kujua kama cha moto au cha baridi.

Hapo ndipo nesi wetu, Consolatha, alipopata uhamisho wa kurudi kwao Rukwa. Akatoa vitu barazani auze. Kitanda, jiko la gesi, mabeseni, kabati la vyombo. Kijiji kizima kilikuwa pale, wenye nia ya kununua na wenye nia ya kujua nesi alikuwa akilalia nini. Mwanabibi alikuja na mimi kutafuta beseni. Beseni hatukulinunua.

Ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuma ya godoro. Picha kubwa, fremu nyeusi, kioo juu yake. Miraba na pembe. Nyekundu inaingia kwenye nyeusi, manjano inakata katikati, yote imeinamia kushoto. Mwanabibi aliniminya mkono mpaka nikaguna.

"Nesi," alisema, "hii umeitoa wapi?"

"Shikamoo Bibi. Hiyo siuzi, naondoka nayo."

"Marahaba. Sijakuuliza kama unauza. Nimekuuliza imetoka wapi."

Consolatha akacheka, alikuwa binti mwenye heshima na moyo mwepesi. "Nilinunua Dar, Bibi. Ni picha ya kuchora ya huko Ulaya, ya zamani sana, miaka mia na zaidi. Na hii siyo yenyewe, ni nakala. Dukani zilikuwa zimepangwa kama sahani."

"Inaonyesha nini?"

"Haionyeshi kitu. Ndiyo walikuwa wameanza mtindo huo, kuchora rangi tupu, hakuna mtu wala mti. Mimi inanipumzisha macho tu nikitoka zamu."

Mwanabibi alinigeukia. "Umemsikia? Eti haionyeshi kitu."

Nami niseme haki. Nilitazama, na nilichokiona ni mkeka. Nani katika sisi angeona kingine? Mtu atafute mbao, akate kioo, atie ndani yake picha ya kitu ambacho si kitu? Hakuna anayehangaika hivyo. Tulijua mikeka ya Hajira ilikwenda na wageni, tulimwona yule mzungu akipiga picha kwa macho yetu. Nesi wa watu tulimwona kama aliyeuziwa mbuzi akaambiwa ni kondoo. Mwanabibi alinong'ona, "Hajui alichonacho, masikini. Wamemdanganya dukani."

"Nipe bei," alimwambia Consolatha.

"Bibi, kweli siuzi. Chukua beseni, nakupa bure."

"Beseni ninalo."

Consolatha aliona jinsi yule mzee alivyoishikilia ile fremu. Ndipo Mwanabibi akamkumbusha, "Siku uliyokuja kunipima presha uliuona mkeka wangu darini, ukaniuliza nani kausuka."

"Ule mweupe? Eh, Bibi, ule ni mzuri jamani. Lakini ule si ulisema hauuzwi?"

"Hauuzwi. Tunabadilishana."

Mkeka ule mweupe haukuwa na rangi hata unyuzi mmoja. Kili zake zilikuwa nyembamba kama utepe wa shingo ya kanzu, na taraza yake, ule upindo wa ukingoni, imezungushwa mara mbili. Mwanabibi aliusuka kwa ajili ya safari yake mwenyewe, alazwe juu yake siku atakapotoka nyumbani kwake mara ya mwisho. Sanda yake ilikuwa imekunjwa ndani yake. Alikwenda, akaitoa sanda, akaiweka kwenye mfuko wa rambo, akauleta mkeka umefungwa vizuri kwa kamba ya ukindu. Consolatha hakujua habari hizo. Kwao hawana desturi hiyo, na sisi hatukumwambia.

"Mungu wangu, Bibi! Huu nautandika sebuleni."

"Utandike unapotaka, mwanangu. Ni wako."

Njiani mimi ndiye niliyebeba fremu upande mmoja na yeye upande wa pili. Nikamwuliza, "Mwanabibi, sasa wewe utalazwa juu ya nini?"

"Juu ya ardhi. Kwani nakwenda wapi kwingine?"

Aliitundika ukutani mkabala na mlango, aliyeingia aione kabla ya kusema hodi. Akawa anaketi mbele yake asubuhi na jioni. Nilimkuta mara nyingi ameweka kiganja juu ya kioo. Kioo hakikumpa kitu. Akasema ataitoa siku moja aishike, lakini kwanza alitaka wenzetu waione hivyo hivyo, ikiwa ndani ya kioo, imetundikwa juu ya vichwa vyao.

Akawaita. Washonaji wote, Muzdalifa mbele yao. Akapika chai ya tangawizi na vitumbua, akatandika jamvi. Zuhra alikuja kutoka Kibiti, ambako ana cherehani yake na mume wake, kumsaidia bibi yake. Mimi nilikuwa jikoni na mlango uko wazi.

Muzdalifa aliingia na mkongojo, akatazama huku na huku. "Haya, tumeitwa kutazama ukuta? Maana wa kwangu pia ninao, na una nyufa nzuri."

"Keti, Muzdalifa. Kunywa chai kwanza, utahitaji nguvu."

"Nguvu ya nini? Unaolewa?"

Wakacheka. Mwanabibi naye alicheka, alikuwa na furaha siku ile, Mungu amsamehe, furaha ya mtu aliyengoja umri mzima. Walipokwisha kumeza vitumbua alisimama kando ya picha.

"Muzdalifa, unaukumbuka mkono huu?"

"Mkono upi?"

"Ule ulioushika kwa ncha za vidole. Ule ulioutia jina la chooni mbele ya mtoto. Tazama ulipo sasa. Wazungu wameutia kioo, wameutundika, hakuna anayeukanyaga. Wako uko wapi? Wako uko chini ya matako ya watu, hapo hapo ulipokaa."

Nikaona wanawake wawili watatu wameinamisha vichwa, maana nao siku ile walicheka. Muzdalifa aliweka kikombe chini. Akainuka kwa mkongojo wake, akasogea, akatazama kwa muda mrefu, pua inakaribia kugusa kioo.

"Mlalo ni wa shoto," akasema. "Hilo kweli."

Ningependa habari hii niiache hapo. Uso wa Mwanabibi wakati ule sikuwahi kuuona tangu tukiwa wasichana.

Lakini Muzdalifa hakuwa amemaliza kutazama. "Mshono uko wapi?"

"Mshono gani?"

"Wa kili, mwenzangu. Huu mkeka umeshonwa kili ngapi? Mie naona rangi inatembea kutoka pembe hadi pembe haijavuka hata mshono mmoja. Mkeka gani huo?"

"Kioo kinang'aa. Huoni vizuri."

"Basi kitoe tuone."

Hakusema kwa ubaya. Mshonaji akitaka kuujua mkeka anautia vidole, na kila mmoja pale angeuliza vile vile. Mwanabibi alimwita Zuhra, "Mke mwenzangu, hebu njoo na kisu." Zuhra akaishusha, akang'oa vile vishikizo vya nyuma, akakitoa kioo, akakishika pembeni asijikate. Picha ikalazwa juu ya jamvi, katikati ya wanawake.

Mwanabibi alipiga magoti. Alifuta viganja kwenye kanga, akaviweka juu yake. Nilimwona akitafuta. Kidole kilianza ukingoni, kikaenda polepole, kikafika nyekundu inapoingia kwenye nyeusi, kikasimama, kikarudi, kikaenda tena. Hakuna kilichopita juu, hakuna kilichopita chini. Ilikuwa laini moja kwa moja, kama shavu la ndoo. Vile vidole vilivyokuwa havijui moto na baridi, hilo vililijua.

"Karatasi," alisema Muzdalifa.

Kuna mtu alicheka nyuma. Nami namjua, na sitamtaja, naye anajua kwamba namjua. Kile kicheko kikamshika wa pili, kikazimwa kwa kikohozi.

Muzdalifa hakucheka. Alifanya kibaya zaidi. Alimwekea Mwanabibi mkono begani akasema, "Pole, mwenzangu. Hajira alisuka vizuri kuliko hii."

Neno hilo! Angelisema uwani siku ile, kigori ameketi na sindano mkononi, lingekuwa limemtosha yule mtoto maisha yake yote, hata kama yalikuwa mafupi. Amekuja kulisema Hajira ni udongo, tena alisema kwa huruma, na huruma ya Muzdalifa ni kitu ambacho Mwanabibi hakuwahi kukiomba.

"Chai inapoa," Mwanabibi akasema, bado amepiga magoti. "Nyweni, mwende kwenu."

Wakaenda. Walipofika nje ya ua nilisikia sauti zimepanda, na kicheko sasa hakikuzimwa. Ndipo lilipoanzia jina la bibi wa picha.

Tulibaki watatu. Mimi nikikusanya vikombe, Zuhra amesimama na kile kioo bado mkononi, Mwanabibi ameketi na mgongo ukutani. Zuhra akasema, "Bibi, namba ya Nesi ninayo. Nimpigie auandae mkeka, kuna mabasi ya kutoka huko."

"Auandae wa nini?"

"Arudishe. Nikimweleza ulikuwa wa nini hatakataa, yule ana utu."

"Hatakataa, ndiyo maana humwelezi. Alinambia ni picha. Alinambia ni ya kuchora. Alinambia haionyeshi kitu, kwa mdomo wake, na huyu hapa shahidi. Mie nikajiona najua. Mtu mzima ananunua, halafu anakimbia kurudisha? Mwache atandike sebule yake."

Kisha akasema, siyo kwetu, "Nilitaka nishike tu."

Zuhra alikiweka kioo chini, akaketi mbele ya bibi yake kama watu wanavyoketi mbele ya mtu wanayetaka kumwomba radhi.

"Bibi, ukikasirika kasirika, lakini nisikilize mpaka mwisho. Mkeka wa mama upo."

"Upo wapi?"

"Kwa baba."

"Kwa baba yako ni wapi? Sema."

"Chumbi."

Nilisimama na vikombe vyangu. Mwanabibi hakuinuka.

"Bibi Zuena anao," Zuhra akaendelea haraka haraka. "Mama aliusuka kule kule baada ya kuolewa. Ni mkubwa, umeinama hivi hivi kwa kushoto, pembe moja imetafunwa na panya. Wanaanikia mpunga."

"Wanaanikia mpunga."

"Mbegu tu, Bibi. Mpunga wa chakula wanaanika kwenye turubai. Ule wa mbegu ndio unaanikwa pale, kwa sababu Bibi Zuena anasema haujawahi kukataa kuota tangu auanike kwenye mkeka wa mama. Hakuna anayeruhusiwa kuukanyaga, hata kuku anawafukuza mwenyewe. Mpunga ukikauka anaukunja mkeka, anaupandisha dari la jikoni, juu ya moshi. Maji ya juzi yaliingia nyumbani, hayakuufikia."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nianze kwenda kuwaamkia Idd."

"Hukusema."

"Ningesemaje, Bibi? Chumbi yenyewe nilitaja mara moja ukaacha wali."

Na ni kweli. Mwanabibi alikuwa akilia kwamba hakuna kitu kilichobaki cha mkono ule, na kitu kilikuwapo, mwendo wa gari tu kutoka hapa, miaka yote hiyo. Kilichomziba njia ni mdomo wake mwenyewe. Lakini namjua. Hilo angelimeza. Ambalo halikushuka ni lile la mbegu. Angependa asikie kwamba mkeka ulitupwa, ulichanwa, ulitandikiwa mbuzi. Chuki yake ingepata pa kukaa. Kumbe yule mwanamke aliyemchukia kuliko wote ndiye pekee, katika Rufiji nzima, aliyeuweka mkono wa Hajira mahali pa heshima. Sisi wa mtaani kwake tuliurudisha ukili mlangoni. Bi Zuena aliukabidhi mbegu yake.

Mwanabibi akasema, "Zuhra, ile karatasi iondoe hapo. Fremu mpe mtu atie picha ya mtoto wake."

"Ndiyo, Bibi."

"Cherehani yako inaweza kungoja kesho?"

"Inaweza. Twende wote, Bibi. Nitakushika mkono kwenye gari."

"Mie siendi. Nilisema hawataiona sura yangu, na sina sura nyingine ya kuwapelekea. Utakwenda wewe." Alijisogeza, mgongo ukanyooka. "Usiuombe mkeka. Umenisikia? Usiuombe. Ile ni mali yake, ameutunza, mbegu yake inakaa pale. Mwombe ukili mmoja. Wa pembeni, upande ulioliwa na panya, asipungukiwe sana."

"Akiniuliza wa kufanyia nini?"

"Mwambie bibi yako anataka kuushika. Akicheka, cheka naye, halafu mwombe tena."

"Nimpe salamu zako?"

Mwanabibi alitazama mlango.

"Nitakupa kibaba cha mbegu ya mama yangu, ile iliyopanda lori. Mpe. Hakuna haja ya maneno." Kisha akamshika Zuhra kifundo cha mkono, akakikaza. "Na usimwachie mtu mwingine akatoe, hata baba yako. Ukae chini ufanye mwenyewe. Nenda na wembe mpya. Anzia kwenye taraza, ufumue uzi wa mshono kidogo kidogo, ukili wenyewe usiuguse na wembe."